Baba ana hadithi moja, mimi nina maswali matatu

Swali

Habari za kazi, mtaalamu. Baba yangu ana miaka 79. Mama alifariki miaka mitatu iliyopita, na tangu hapo baba anaishi na kijana mmoja wa ukoo anayemsaidia kazi za nyumbani. Mimi niko mbali, nampigia simu kila Jumapili jioni. Simu haifiki dakika tano: namuuliza kama amekula, kama amekunywa dawa za presha, kama miguu bado inauma. Yeye ananiuliza kama watoto wanasoma, basi, "Haya mama, salimia." Nikienda kumwona, siku ya kwanza tunaongea, ya pili tunatazama televisheni. Aliendesha malori ya mizigo kwa miaka 31, na ana hadithi moja ya lori lililozuiwa na mto uliofurika, ambayo nimeisikia labda mara 50. Nikimwambia, "Baba, hiyo umeshanisimulia," ananyamaza na jioni nzima inaharibika. Dada yangu anasema tumwache, wazee ndivyo walivyo. Mimi naona kama nampoteza huku bado yupo. Niongee naye nini?

Jibu

Dada yangu, nianze na hiyo simu ya Jumapili, maana karibu kila kitu kimo humo. Umekula? Umekunywa dawa? Miguu je? Nesi wa zamu huuliza hivyohivyo, akajaza fomu, akaenda kitanda cha pili. Baba yako anajibu kama mgonjwa kwa sababu ameulizwa kama mgonjwa: nimekula, nimekunywa, inauma kidogo. Naye anakurudishia lililo jepesi kwake, watoto wanasoma? Kila mmoja amehakikisha mwenzake yu hai, simu imekwisha. Sikulaumu. Maswali hayo yanatokana na mapenzi na woga, na mtu aliye mbali hana kingine cha kushika. Ila yatazame tena: hakuna hata moja ambalo jibu lake lingeweza kukushangaza.

Hicho ndicho kipimo ninachowapa watu, na sina kingine kikubwa kuliko hicho. Kabla hujamuuliza mzazi jambo, jiulize kama jibu unalo tayari. Kama unalo, hilo ni hakikisho tu, na hakikisho halizai mazungumzo.

Sisemi uache kuulizia dawa. Zitoe tu mlangoni, maana zimeketi pale na hakuna anayeweza kupita. Mkabidhi kazi hiyo yule kijana: kila jioni akutumie ujumbe wa maneno mawili, "Dawa tayari." Ukiona lazima uulize mwenyewe, uliza mwishoni mkiwa mnaagana. Nimeona mabadiliko makubwa kwenye familia ambazo hazikufanya lolote zaidi ya kuhamisha dawa kutoka mwanzo wa simu kwenda mwisho.

Sasa lori.

Unasema ukimwambia umeshaisikia, ananyamaza. Mwaka 2009 watafiti wawili nchini Kanada, Nigel Gopie na Colin MacLeod, walichapisha uchunguzi kuhusu aina moja ya kumbukumbu ambayo watu hawaifikirii: kukumbuka jambo fulani ulimwambia nani. Waligundua kwamba hata vijana ni dhaifu hapo. Mtu hukumbuka vizuri zaidi nani alimwambia jambo kuliko yeye alimwambia nani. Mwaka uliofuata Gopie na wenzake waliwapima wazee, na wazee walianguka zaidi. Maelezo yao ni rahisi: unapozungumza, akili imezama kwenye yale unayoyatoa, na uso wa anayekusikiliza hausajiliwi sawasawa. Kwa hiyo baba hajasahau hadithi. Kilichompotea ni kwamba wewe uliwahi kuwa msikilizaji wake. Unapomwambia "umeshanisimulia", unamfunulia pengo ambalo hakujua analo, tena mbele ya mwanawe. Nani asingenyamaza?

Kuna jambo la pili. Mzee akiombwa asimulie yaliyompata maishani, kumbukumbu zake nyingi hurundikana kwenye miaka kati ya 10 na 30 hivi, umri wa kujifunza kazi, kuoa, kuondoka nyumbani mara ya kwanza. Watafiti wameliona hilo tena na tena. Zamani madaktari wengi walichukulia mzee kuishi kwenye ya kale kuwa ni dalili ya akili kuchakaa. Mwaka 1963 daktari wa akili Mmarekani, Robert Butler, aliandika kinyume chake: kwamba kuyapitia maisha upya ni kazi halali ya uzee, mtu anajipigia hesabu zake. Mimi nimelichukua hilo na kuliongezea langu, ambalo ni la uzoefu tu: hadithi inayorudi mara 50 mara nyingi ina hesabu ambayo haijafungwa. Msimuliaji anapita palepale kwa sababu kuna kitu hapo ambacho hakuna aliyewahi kumuuliza.

Tunapenda kusema jungu kuu halikosi ukoko. Sawa, lakini ukoko haujibandui. Nyinyi nyumbani mmekuwa mkingoja hadithi iishe, naye ameikariri mpaka imekuwa laini kama jiwe la mtoni, haina pa kushikia. Kazi yako ni kuisimamisha katikati.

Nikupe mfano. Mzee mmoja niliyekuwa nikimtembelea alikuwa na hadithi ya kunusurika kuzama ziwani alipokuwa kijana. Wanawe waliijua yote: mashua, upepo, mwanamume aliyemvuta kwa ukosi wa shati. Siku moja alipofika kwenye ule ukosi wa shati nikamuuliza, "Na miguuni ulikuwa umevaa nini?" Akanitazama kama niliyepungukiwa. Kisha akasema, "Viatu." Akanyamaza kidogo. "Kimoja kilizama." Vilikuwa vya kaka yake, alivivaa bila ruhusa. Alirudi nyumbani na kiatu kimoja, kaka akamjia juu, wakatoleana maneno ambayo hayakuwahi kuondolewa hadi kaka alipokufa. Miaka 50 familia ilikuwa ikisikiliza habari za maji, kumbe hadithi ilikuwa ya kiatu.

Siahidi kwamba kwenye lori la baba yako kuna kiatu. Lakini nina maswali ambayo ningekufa nikitaka majibu yake. Lile lori lilibeba nini? Utingo alikuwa nani, na yuko wapi leo? Walilala wapi usiku ule, ndani ya kichwa cha lori au juu ya mzigo? Tajiri mwenye lori aliambiwa nini kuhusu kuchelewa, na alimkata mshahara? Na lililo kubwa kuliko yote: mama, aliyekuwa nyumbani akingoja gari ambalo halikufika, alisema nini baba alipoingia mlangoni? Hapo umemtoa mtoni, umemleta nyumbani kwenu, na mama yako ameingia kwenye hadithi ambayo hakuwahi kuwamo.

Ona kwamba sikuuliza, "Uliogopa?" Wanaume wengi wa umri wake ukiwauliza hivyo watakujibu, "Kuogopa nini?" na mlango umefungwa. Uliza vya mikono, miguu na macho. Aliona maji kwa taa gani? Alijuaje daraja limekwenda? Hisia zitakuja zenyewe zikiwa zimepanda juu ya vitu. Jiepushe pia na yale maswali ya kifahari yanayogawiwa kila mahali siku hizi, funzo lako kubwa maishani ni lipi, unajivunia nini zaidi. Swali kubwa huzaa hotuba. Mzee atakaa wima, atakohoa, atakuambia usome kwa bidii na umche Mungu, nawe utaondoka na kile ulichokuja nacho.

Nakuambia haya kwa sababu niliyakosea mwenyewe. Mama yangu alikuwa fundi cherehani. Alipofika miaka 80 nilimwendea na daftari jipya na kinasa sauti, nikiwa na maswali niliyoyapanga kwa namba kama mtu wa sensa. Swali la tatu akaniuliza, "Unaandika wasifu wangu wa msibani, au kuna nini ambacho daktari amekuambia na mimi sijaambiwa?" Nikafunga daftari kwa aibu. Baada ya majuma mawili nilirudi nikiwa na suruali yangu iliyofumuka upindo, na hilo sikulipanga, ilikuwa imefumuka kweli. Akainyakua, akaangalia mshono wa kiwandani, akaguna. Alipokuwa akifumua uzi alianza kueleza mtu aliyemfundisha kushona, mwanamke ambaye sikuwahi kumsikia akitajwa, aliyekuwa akimpiga vidoleni kwa rula mshono ukipinda. Alizungumza saa nzima macho yakiwa kwenye sindano. Kinasa sauti kilikuwa kwenye mkoba.

Nilichojifunza siku ile ni kwamba watu wengi, na wazee zaidi, hufunguka wakiwa wamekaa ubavu kwa ubavu na mikono ina shughuli, kuliko wakitazamana uso kwa uso kama mahakamani. Kwa dereva, shughuli hiyo unaijua. Ukienda kumwona, azima au kodi gari ikibidi, mweke kiti cha mbele cha abiria, mwende popote. Usimuulize chochote kwa dakika kumi za mwanzo. Ataanza mwenyewe: gia umeichelewesha, huyo wa mbele hana taa za breki, sikiliza hiyo bearing inalia. Mwache akukosoe. Mtu ambaye kutwa anaambiwa vaa, keti, kunywa, amepata tena pahali ambapo yeye ndiye anayejua. Ikiwa kuna barabara aliyokuwa akiipita, ipite. Mahali huamsha mambo ambayo swali haliwezi kuyafikia, na harufu ya dizeli, usishangae, inaweza kufanya kazi kuliko albamu ya picha.

Kabla sijaenda kwenye jambo ninalolitaka zaidi, nizungumze kidogo kuhusu masikio, kwa sababu familia nyingi zinadhani zina tatizo la mazungumzo kumbe zina tatizo la konsonanti.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya robo ya watu waliopita miaka 60 wana upungufu wa kusikia unaowatatiza maishani. Umri huanza kwa kula sauti nyembamba za juu. Irabu zina nguvu na zinabaki, ila s, f, sh na t ndizo zinazofifia. Hivyo mzee anasikia kwamba unasema, lakini hapati unachosema: "shika", "fika" na "pika" yanaweza kumfikia kama neno moja lililofutwa mwanzo. Simu inazidisha, maana kwa miongo mingi laini za kawaida zimepitisha sauti za kati ya hezi (kipimo cha unene na wembamba wa sauti) 300 na 3,400 hivi tu, na sehemu kubwa ya mlio wa s iko juu ya hapo. Ukipaza sauti unaongeza irabu, ambazo alikuwa anazisikia, na sasa anahisi unamfokea. Mtu asiyesikia vizuri naye hujifunza kujikinga. Anajibu "ndiyo, ndiyo", au anaikatisha simu mapema kabla hujagundua. Lile "Haya mama, salimia" linalokuja dakika ya nne, sijui kama si hilo.

Kwa hiyo mpeleke akapimwe masikio. Wakati huo jaribu simu ya video ili aone midomo, ongea polepole kwa sauti nzito badala ya kubwa, na ukiwa kwake zima televisheni. Hiyo televisheni ya siku ya pili uliyoitaja, inawezekana hamkai mbele yake kwa kukosa la kusema. Inawezekana ndiyo inayowazuia kusemezana. Na ukimuuliza kitu, ngoja. Majina hasa huchelewa kufika katika uzee hata kwa mtu mwenye akili timamu kabisa. Hesabu kimoyomoyo mpaka kumi kabla ya kumsaidia. Sisi watoto tunarukia ile nafasi kwa huruma, tunamtajia jina, naye anaacha kulitafuta, na mara nyingi anaacha na hadithi yenyewe.

Sasa hilo ninalolitaka.

Umeniuliza uongee naye nini, na mpaka hapa nimekujibu kana kwamba baba yako ni ghala la mambo ya zamani. Yeye ni mtu wa leo. Ana maoni juu ya mambo ya juma hili, ana jirani anayemkera, ana wazo kuhusu jinsi mnavyolea watoto wenu ambalo amelimeza kwa adabu. Na zaidi ya yote, bado anaweza kukufaa. Mara ya mwisho ulimpelekea shida yako lini? Sizungumzii ya kumpa heshima ya bure, kama watu wanavyomwomba mzee ushauri huku wameshaamua. Nazungumzia shida inayokukosesha usingizi sasa hivi.

Najua utakalosema: sitaki kumtia wasiwasi, presha itapanda. Kila mtu huniambia hivyo. Lakini wazee wanajua. Mama mmoja niliyemhudumia alijua kwamba mwanawe ameachishwa kazi miezi minne kabla hajaambiwa, kwa sababu mwanawe huyo alianza kumpigia simu saa nne asubuhi siku za kazi. Miezi minne walizungumza kuhusu hali ya hewa, kila mmoja akimlinda mwenzake. Ukimficha baba yako maisha yako, unamfundisha akufiche ya kwake, na hapo ndipo mnabakiwa na miguu inayouma.

Wewe na baba yako mna jambo moja la pamoja ambalo, nikisoma barua yako, sidhani mmewahi kulizungumza. Wewe unaishi mbali na mtu unayempenda na unamfikia kwa sauti ya dakika tano. Yeye aliishi hivyohivyo miaka 31. Alikuwa baba aliye barabarani, nyinyi mko nyumbani mnakua. Alijuaje habari zenu? Alikuwa akifikiria nini akiona taa za nyumba za watu usiku? Kuna alichokosa, mtoto kuzaliwa, mtoto kuugua, ambacho mpaka leo kinamkaa? Muulize kwa sababu unahitaji kujua, si kwa ajili ya kumchangamsha. Mwambie wazi: "Baba, mimi niko mbali nawe na inanishinda. Wewe uliwezaje?" Huenda akacheka. Huenda akasema hakuweza, na hilo nalo litakuwa jibu ambalo hukuwa nalo.

Na akikupa ushauri, juu ya hilo au juu ya mwanao anayekataa shule au bosi wako, ufanyie kazi kisha umrudie. Hapa ndipo wengi tunapoanguka. Tunauliza, tunashukuru, tunasahau. Jumapili inayofuata fungua simu na, "Baba, nilifanya kama ulivyosema," hata kama haikufaa. Ukimwambia haikufaa, bora zaidi, maana sasa ana jambo la kulifikiria juma zima. Umri hupunguza watu wanaomngoja mtu afanye uamuzi. Anayengojwa huamka tofauti.

Kuhusu mama yako. Hukuuliza, lakini umemtaja kwa sentensi moja na nikaona. Familia nyingi huacha kulitaja jina la marehemu mbele ya mjane ili zisimuumize. Mara nyingi yeye hulitamani. Litaje katika mambo madogo, "Mama angecheka hapa," na utazame. Akigeuza uso, mwache, jaribu siku nyingine. Akiendelea, usikimbilie kumfariji wala kumbadilishia mada akitokwa machozi. Kuna maana moja nyingine: huenda mama ndiye aliyekuwa akibeba mazungumzo ya nyumba ile, akikupigia simu kisha akisema, "Haya, ongea na baba yako." Kama ndivyo ilivyokuwa, nyote wawili mnajifunza upya katika umri mkubwa. Inachukua muda na ina jioni za ovyo.

Mambo mnayogombana, siasa au dini au kijana gani wa ukoo alikosea nini, ruka. Hamtayamaliza. Ila kama kuna kidonda halisi kati yenu, kitu alichokufanyia au alichokunyima, nina neno moja tu la ufundi: swali linaloanza na "kwa nini uli..." linasikika kama mashtaka na atajitetea. Jaribu "ilikuwaje mpaka..." Mara nyingi utasikia habari za umaskini, au za hofu, au za mtu mzima aliyekuwa na miaka 26 na hajui afanyalo. Huna wajibu wa kumsamehe kwa sababu amezeeka. Unaweza kutaka tu kujua.

Ukitaka wanao wahusike, wape kazi ya kumuuliza babu mambo yanayowahusu wao: wewe shuleni ulikuwa unafanya ujinga gani, ulikuwa na miaka mingapi ulipoendesha gari mara ya kwanza, mama yetu alikuwa mtukutu? Wanasaikolojia Marshall Duke na Robyn Fivush wa Chuo Kikuu cha Emory, Marekani, walitengeneza mwaka 2001 maswali 20 ya kupima mtoto anajua kiasi gani kuhusu ukoo wake, na wakakuta watoto wanaojua zaidi hujiamini zaidi. Haimaanishi ukimkaririsha mtoto majina ya mababu atakuwa jasiri. Kinachoonekana kusaidia ni nyumba ambamo watu hukaa pamoja kiasi cha hadithi kupita. Babu na wajukuu wana faida moja juu yako: hawana deni baina yao. Baba anaweza kumwambia mwanao jambo ambalo wewe hatakuambia kamwe, nawe utalisikia kutoka chumba cha pili ukijifanya unakunja nguo.

Lazima pia nikupe upande wa tahadhari, kwa ufupi. Kurudia hadithi ya zamani kila unapomtembelea si ugonjwa. Kuuliza swali lilelile baada ya dakika kumi, tena na tena, kupotea kwenye njia anayoijua, kushindwa hesabu za fedha alizokuwa akizimudu, kubadilika tabia, hayo mpeleke nayo kwa daktari, wala usikubali kuambiwa ni uzee tu. Baadhi ya mambo yanayofanana na ugonjwa wa kusahau yana tiba: sonona baada ya msiba, upungufu wa vitamini B12, matatizo ya tezi ya shingoni, dawa zinazogongana, hata masikio yenyewe. Na akichanganyikiwa ghafla, ndani ya saa au siku chache, usingoje Jumapili. Kwa mzee mara nyingi hayo ni maambukizi, ya mkojo au ya mapafu, na ni dharura. Ikitokea siku moja akagundulika kweli kuwa na ugonjwa wa kusahau, acha kumuuliza "unakumbuka?", maana huo ni mtihani na ataufeli mbele yako. Mwambie wewe: "Ulikuwa na lori, ukakuta mto umefurika." Mwanzilishie hadithi yake, hata mara ya 500. Nyimbo za ujana wake pia hushika pale ambapo maneno yameachia.

Dada yako nampa nusu ya haki. Baba ana haki ya kunyamaza. Kuna jioni atataka televisheni tu na mtu wa kukaa karibu, na kukaa huko kunatosha, usikugeuze kuwa kikao. Nusu ya pili simpi. "Wazee ndivyo walivyo" ni maneno ya mtu aliyechoka, nami namwelewa kwa kuwa huenda ndiye anayeshughulika na mengi. Lakini mzee hawi hivyo peke yake. Sisi nasi tunamweka hapo, swali moja la dawa baada ya jingine.

Jumapili hii basi, usianze na chakula. Piga ukiwa umetulia, si jikoni, si njiani. Mwambie, "Baba, nimekuwa nikiwaza lile lori. Utingo wako usiku ule alikuwa nani?" Kisha nyamaza, uhesabu mpaka kumi, na kama ukimya utakutisha, hesabu tena. Ukilipata jina, niandikie.